Hema Lenu Limezidi Upana

Lameck Ndyamukama,
Kijiji cha Chonyonyo,
Wilaya ya Karagwe, Kagera.
16 Julai 2025

Kwa Meneja,
Duka la Mahema Juu kwa Juu,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KULALAMIKIA UPANA ULIOPITILIZA WA HEMA LA JUU YA GARI, PAMOJA NA OMBI LA KULETEWA JEMBAMBA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda dukani mkiuza vitu ambavyo hamjawahi kuvilalia. Mimi si mzima sana, ila kalamu bado naishika.

Mimi ni karani mstaafu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Kwa miaka ishirini na minane nimewaandikia wenzangu barua za kila aina, na sijawahi kuandika neno ambalo ningeona haya kulisoma kwa sauti kanisani. Nakuomba uisome hii kwa utulivu huo huo, ikiwezekana ukiwa umekaa.

Kwanza nikueleze tulivyofika hapa. Jumamosi iliyopita, tarehe 12 Julai, mimi na mke wangu Evangelina tulitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Katika miaka hiyo yote hatujawahi kulala pamoja nje ya nyumba yetu isipokuwa misibani, na msibani wanaume hulala kwao na wanawake kwao. Nikasema safari hii nitampeleka mke wangu Hifadhi ya Rumanyika, tulale juu ya pikapu yetu ya kubebea ndizi, tuamke tukitazama vilima bila mtu kutuuliza chumvi iko wapi.

Wala sikukurupuka. Mlinitumia kwenye simu picha za mahema matatu: la watu wawili, la watu watatu, na hili mnaloliita Pana, la watu wanne, lenye upana wa sentimita mia mbili na arobaini. Nilikata kamba za mgomba kwa vipimo vya kila moja, nikazitandaza uani pembeni mwa jamvi la kahawa. Kisha mimi na Evangelina tukalala ndani ya vipimo hivyo, chali, macho tumefumba, ili tujue mtu analalaje humo. Kwenye kipimo cha watu wawili viwiko vyetu viligombana. Kwenye cha watatu tulikuwa tumenyamaza tukisikilizia miguu, ndipo jirani yetu Nolasco akapita njiani. Akatuona tumenyooka sambamba, hatutikisiki. Alipiga yowe lililoleta watu wa vitongoji viwili. Wengine walikuja na kuni za msiba kichwani. Ilibidi tuwapikie chai wote, maana mtu aliyekuja kukulilia huwezi kumrudisha na njaa. Kipimo cha watu wanne hatukukijaribu tena, na hapo ndipo kosa lilipoingilia.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Ushauri niliopewa. Nilipopiga simu dukani kwenu nilipokelewa na dada anayeitwa Joyness, akaniuliza tuko wangapi. Nikamjibu tuko wawili. Akacheka kidogo, akasema, "Baba, chukua Pana. Nafasi haiozi." Ndugu Meneja, mimi nimefanya kazi kwenye maghala. Nafasi inaoza. Ukiiacha ghalani panya wanaijaza, ukiiacha shambani magugu yanaijaza, na ukiiacha juu ya gari utaona mwenyewe kwenye namba mbili. Simlaumu sana huyo binti, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Lakini afundishwe kwamba mteja akisema wawili, ana sababu zake.

2. Aliyeijaza nafasi hiyo. Hema lilifika Jumatano tarehe 25 Juni. Fundi kutoka Kayanga akalifunga kwenye keria, nikalifungua uani ili tulizoee kabla ya safari. Wewe unajua, lakini naandika ili ibaki kwenye kumbukumbu: likifunguka linatokeza nje ya gari kama kibaraza, linaegemea ngazi yake, na gari haliwezi kwenda popote mpaka likunjwe. Saa nane mchana siku hiyo hiyo, mama mzazi wa Evangelina, Mama Adelgunda, mjane wa miaka sabini na miwili, akafika kutoka Mabira kwa bodaboda, na kikapu cha kahawa ya kutafuna mapajani. Alikuja kutusalimu kwa siku mbili. Akasimama mbele ya pikapu, akashika kiuno, akasema, "Waitu! Nyumba imepanda gari!"

Mke wangu kwa furaha akamwambia apande aone. Mimi niligeuka nikatazama zizi la mbuzi, kwa sababu mwanaume hamtazami mama mkwe wake akipanda ngazi. Nilipogeuka tena, zipu ilikuwa imefungwa. Leo ni wiki tatu kamili.

Utaniuliza, kwani hashuki? Anashuka, ni binadamu. Lakini shuka lake, mto wake na kitabu chake cha nyimbo vinabaki humo, na malazi ya mama mkwe mimi siwezi kuyagusa hata kwa fimbo. Nilimwomba Evangelina anisaidie kuyaondoa. Akaniangalia, akasema, "Nimfukuze mama yangu kitandani, halafu Mabira nikaseme nini?" Nikarudi kutazama mbuzi.

3. Kiti cha dereva. Nimelelewa kwamba mkwe mwanaume hakai chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Nimepima kwa kamba ile ile. Kiti cha dereva kiko chini ya mto wake kabisa, na kiti cha abiria kiko chini ya visigino vyake. Kwa hiyo hata kama hema lingejikunja lenyewe kwa upepo, na hata kama gari lingejiwasha lenyewe kwa huruma, mimi nisingeweza kuliendesha bila kwanza kuonana na wazee wa ukoo, mchungaji, na pengine fundi wa kuhamisha usukani. Maelekezo yenu yana kurasa kumi na mbili. Mmeeleza namna ya kukausha zipu. Mmeeleza namna ya kuzuia buibui. Kuhusu wakwe hamkuandika hata sentensi moja. Au mlidhani mahema haya yananunuliwa na watu waliooa mayatima watupu?

4. Madirisha. Hema lina dirisha kila upande, na kwenye picha mlisifia jambo hilo. Mimi nimelima kibanja changu miaka ishirini nikiamini kwamba migomba inamficha mtu. Kumbe haimfichi mtu anayetazamwa kutoka juu. Nikiwa katikati ya shamba nasikia, "Lameck mwanangu, huo mkungu wa tatu umeinama, uwekee nguzo." Nauwekea. Nikisimama kidogo kupumua nasikia, "Lameck mwanangu, jembe halilimi likiegemewa." Anasema kwa upole kabisa. Ndiyo maana siwezi kukasirika, na ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Habari zikaenea. Siku moja alimwona mbuzi wa Nolasco ndani ya maharage ya watu, akatangaza. Tangu hapo Nolasco huja kila asubuhi, huvua kofia, husimama chini ya dirisha na kuuliza mbuzi wake wako wapi, naye huelekezwa mmoja mmoja. Baadaye akaja mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Clavery, na kesi ya mpaka kati ya Nolasco na shemeji yake, kesi ambayo imekula vikao vya miaka kumi na mmoja. Mama Adelgunda alitoa mkono dirishani, akachora mstari hewani kwa kidole kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye kisima. Wote wawili wakakubali. Wakashikana mikono uani kwangu, wakanywa uji wangu. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akasema kwa niaba ya serikali ya kijiji, "Mzee Lameck, kwa faida ya umma, gari hili tafadhali usilisogeze."

5. Wageni wa juu. Hili nalihusisha na upana moja kwa moja. Siku ya nne akina mama wa jumuiya walikuja kumsalimia, na kwa kuwa hema ni la watu wanne, walipanda watatu, wakawa wanne pamoja naye. Siku ya tano wakapanda wengine watatu. Sasa wanakuja kwa zamu, asubuhi na mchana. Chai inanywewa juu. Mimi ndiye ninayebeba chupa mpaka ngazi ya tatu, naiweka, nakohoa, naondoka. Nasikia vicheko, na nikikaribia vicheko vinakatika ghafla, jambo ambalo si zuri kwa mwanaume wa umri wangu. Laiti mngeniuzia la watu wawili, mama mkwe na mgeni wake mmoja wangeshachokana siku ya pili, na mimi leo ningekuwa naandika barua ya kuwapongeza.

6. Ndizi. Zinaiva. Nimepeleka mikungu sokoni Omurushaka kwa bodaboda, miwili miwili, nikiwa nyuma nimeikumbatia kama watoto. Dereva akaniuliza, "Mzee, si una gari?" Nikamwambia lina mgeni. Hakuuliza tena, lakini niliona kwenye kioo anavyonitazama.

7. Hili la saba ndilo linaloniuma. Hayo mengine nimeyaandika ili hili lisionekane limesimama peke yake.

Wiki ya pili, kwa sababu ya baridi ya Julai, Evangelina alipanda kumpa mama yake joto. Hajarudi ndani kulala. Hema nililolinunua ili nilale na mke wangu nje ya nyumba limemtoa mke wangu nje, na mimi limeniacha ndani, na kitanda chetu kizima, na saa ya ukutani.

Jumamosi ile ya miaka ishirini na mitano nilijipa moyo. Nilichinja jogoo. Nilivaa koti la harusi, ambalo mikono bado inanitosha. Nilikuwa nimemnunulia Evangelina kitenge cha rangi ya kahawa mbivu, nikasimama chini ya dirisha la nyuma na kukiinua kwa mikono miwili, uso nimeuelekeza zizini kama kawaida. Mkono ukatoka kukipokea. Nikaushika. Nikasema maneno ambayo sijawahi kumwambia mke wangu tangu anioe, yaani tangu nimwoe, unaona hata sasa nachanganyikiwa. Nilimwambia kwamba nyumba bila yeye ni ghala. Nilimwambia kwamba siku ile ya kwanza nilipomwona akianika kahawa kwa baba yake nilisahau nilikuwa nimetumwa nini, na mpaka leo sijakumbuka. Mkono ukatulia ndani ya mikono yangu, ukanibana kidogo. Kisha sauti ikatoka dirishani, "Asante sana, mwanangu. Evangelina ameenda kuchota maji."

Ndugu Meneja, niliachia mkono wa mama mkwe wangu polepole, kwa heshima, kama mtu anavyoweka yai chini. Nikaenda zizini. Nilikaa na mbuzi mpaka koti likaanza kunuka.

Kwa sababu zote hizo, naomba nitimiziwe moja kati ya haya yafuatayo:

(a) Mlichukue hema hili na kuniletea lile la watu wawili, lenye kugombanisha viwiko. Mkiwa na jembamba zaidi ya hilo, la mtu mmoja na nusu, nitalipokea kwa shukrani.

(b) Ikishindikana, mnitumie fundi aliyevaa koti jeupe, aje alizunguke gari mara mbili akitikisa kichwa. Sitaki aseme uongo wowote. Kichwa tu kinatosha, sisi wengine tutaelewa.

(c) Ikishindikana pia hiyo, mniandikie barua yenye muhuri inayosema kwamba hema la aina hii lazima likunjwe kila baada ya siku saba kwa ajili ya afya ya turubai. Nitaisoma mwenyewe chini ya dirisha, kwa sauti ya heshima, nikitazama mbuzi.

Nisipopata majibu ndani ya siku kumi na nne, nitalazimika kuliezeka bati hema hili, kulipandia maua mbele, na kumwomba Bwana Clavery aliandikishe kama kaya. Na siku mtakapokuja kutangaza biashara yenu huku kwetu, mtaelekezwa kwangu mpite kwanza kutoa salamu kwa mwenye nyumba, kwa ngazi.

Nawasalimu wote hapo dukani. Msalimie Joyness, mwambie sina kinyongo. Msalimie mlinzi, na yule kijana wa stoo aliyelifunga hema langu kwa kamba nyingi hivyo kana kwamba alijua. Isalimie familia yako, mkeo, watoto, na mama mkwe wako, popote anapolala.

Wako aliyebaki chini, kwa heshima zote,

Lameck Ndyamukama

N.B. Jumamosi, 19 Julai. Kabla sijaipeleka barua hii kwenye basi la Mwanza, Evangelina aliikuta mezani juzi. Akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akapanda nayo ngazi. Nikamsikia anamsomea mama yake kwa Kinyambo, pamoja na habari ya mkono. Nilikuwa tayari nafikiria kuhamia kwa kaka yangu kule Igurwa, ndipo Mama Adelgunda akaniita.

Alisema, "Lameck mwanangu, kumbe na wewe! Mimi nilikuja siku mbili. Nikakuta umenunua kitanda kikubwa, umekipandisha juu, mkeo ananiambia panda, na wewe umewageukia mbuzi husemi kitu. Nikajua mkwe wangu ameniandalia mimi. Nikasema nikishuka moja kwa moja atasema nimekidharau. Wiki tatu nalala nimeshikilia zipu, naogopa hata kugeuka ubavu! Wale akina mama ni mimi niliwaita, waje wanishike."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe, na mimi niliogopa kukuambia ushuke."

Akasema, "Basi geukia mbuzi wako, nashuka."

Akashuka. Miguu ilipogusa ardhi alicheka mpaka akakaa chini, Evangelina akakaa naye wakishikana mabega, na mimi nikakaa pia, mbali kidogo, nikicheka huku nimeziba uso kwa kofia. Mke wangu alilala ndani siku hiyo. Aliniomba nimwambie yale maneno ya dirishani. Nilimwambia yote, na akaongeza ya kwake, ambayo hayawahusu ninyi.

Jana tulikunja hema, tukamrudisha mama Mabira kwa pikapu, Evangelina katikati yetu. Majirani wakajaa wakiuliza hicho ni kitu gani juu ya gari. Mama Adelgunda akanyoosha mgongo, akasema, "Ni kazi ya mkwe wangu. Aliniandalia hicho nilale." Akaniomba nilifungue waone. Ndugu Meneja, ungemwona alivyosimama, nawe ungelifungua. Mabibi wanne walipanda kwa mara moja, saba wakabaki chini wakingoja. Yeye mwenyewe hapandi ng'o, ila ameshika ngazi na anapanga zamu. Hakuniomba niliache. Niliacha gari, hema na funguo mwenyewe, kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi.

Mimi na Evangelina tulirudi Chonyonyo kwa bodaboda moja, tumekaa mshikaki, yeye kanishika kiunoni safari nzima, amevaa kitenge chake. Vilima tuliviona vyote. Palipokuwa na shimo alinibana zaidi, na nakiri kwamba nilimwomba dereva asikwepe mashimo.

Kwa hiyo jembamba msilete. Yote niliyoyaandika kuhusu upana nayafuta, isipokuwa namba tatu, ambayo imeandikwa vizuri mno, siwezi. Mkiwa na hema pana kuliko hili Pana, nijulisheni mapema, kwa sababu jana tumewaacha mabibi saba wa Mabira wakiwa bado hawajapanda.

L.N.